Kisa cha mto wa rangi: kiwanda kilifungwa, mto ukaendelea kunuka

Nimeondoa jina la mji, la kiwanda, la mtaa na la kila mtu, maana lengo hapa ni watu wajifunze, sio kumchafua mtu. Mimi nilikuwemo kama afisa mazingira wa halmashauri, mdogo kuliko wote kwenye ile timu, kazi yangu ilikuwa kubeba deli la barafu lenye chupa za sampo na kuandika kila kinachosemwa. Kwahiyo mengi humu niliyaona kwa macho, na yale niliyoambiwa nitasema niliambiwa.

Mto wenyewe

Ni mji mkubwa hapa Tanzania, mto unaukata katikati. Sio Msimbazi, ila anayeujua Msimbazi kuanzia milima ya Pugu kuja Vingunguti, Kigogo, Jangwani mpaka pale daraja la Salender ataelewa haraka ninachosema: juu maji yanatoka safi, katikati kuna viwanda na machinjio, pembeni nyumba zimebanana, bondeni bustani za mchicha na matembele, na kila mtu anayeishi juu anampelekea mwenzake wa chini kile ambacho hakitaki.

Kwenye mto wetu kulikuwa na kiwanda cha nguo, cha zamani kuliko mtaa unaokizunguka. Kwa wasiojua kazi ya kiwanda cha vitenge na khanga, kitambaa kikitoka kwenye kufumwa kimejaa wanga, kinaoshwa na kostiki soda, kinapaushwa, kinachapwa rangi, alafu kinaoshwa tena kutoa rangi ambayo haijashika, na kila hatua ni maji mengi. Yale ya kostiki ni makali yanaunguza ngozi, ya wanga yanaoza, ya rangi kila mtu anayaona. Watoto wa pale walikuwa wanajua leo kiwanda kinachapa nini kwa kuangalia mto tu. Bata wa jirani mmoja walikuwa na miguu ya zambarau, nimewaona mwenyewe.

Mita kama mia mbili juu ya bomba la kiwanda kulikuwa na kitu ambacho hakuna mtu alikuwa anakitazama, chemba ya bomba kuu la majitaka ya mji. Mabomba ya majitaka hulazwa bondeni kufuata mto kwasababu maji yanashuka yenyewe bila pampu, kwahiyo chemba ikiziba, mto ndio wa kwanza kupokea. Hiyo chemba iwekeni akilini.

Jumapili ya samaki

Ilikuwa kiangazi, maji machache. Jumapili asubuhi watu wakakuta samaki wameelea, kijana mmoja akarekodi video ya kama dakika tatu huku anatembea pembeni ya mto, mpaka mchana kila grupu la WhatsApp mjini lilikuwa nayo. Maji kwenye video yalikuwa na wekundu wa damu ya mzee. Hakuna aliyehitaji kuuliza ni nani.

Kesho yake Mkuu wa Mkoa akafika na waandishi, akasimama kwenye lile bomba, akaamuru kiwanda kifungwe siku hiyo hiyo. Simlaumu. Watu walikuwa wamechoka na malalamiko yalikuwa ya miaka, na angeondoka bila kusema kitu wangesema amehongwa. Kiwanda kikafungwa saa nane mchana, wafanyakazi wakarudi nyumbani bila kujua watalipwa au la.

Sisi wa sampo tuliitwa Jumatano.

Yaani tulikwenda kuchukua maji ya kiwanda ambacho hakijatoa tone tangu Jumatatu. Tukachukua tu, ndio tulivyoagizwa, alafu deli likakaa kwenye buti la gari mpaka jioni kwasababu gari lilikuwa na safari nyingine. Sasa kile kipimo cha BOD, yaani oksijeni ambayo wadudu wadogo wasioonekana kwa macho wanaitumia kuozesha uchafu kwenye maji, kinataka sampo ikae kwenye baridi na ifike maabara haraka, alafu inasubiriwa siku 5. Majibu yalivyorudi yalikuwa hayasemi chochote cha maana. Kanuni za viwango vya ubora wa maji za 2007 zinataka majitaka yanayoingia mtoni yasizidi BOD miligramu 30 kwa lita, na pH, yaani kipimo cha utindikali au ukali wa kostiki, ambapo 7 ni katikati na ikipanda ni kostiki, iwe kati ya 6.5 na 8.5. Maji tuliyopima yalikuwa ya mto uliopumzika siku mbili.

Mwanasheria wa kiwanda akauliza swali moja tu kwenye kikao: mmenifungia kwa ushahidi gani? Mezani kulikuwa na video. Baada ya wiki chache kosa likafifilishwa, wakalipa faini bila kwenda mahakamani, wakaahidi kujenga mtambo wa kutibu maji, wakafungua. Niliambiwa na mtu wa ndani kwamba ile faini ilikuwa ndogo kuliko gharama ya kuendesha mtambo kwa miezi michache. Mtaani wakasema yaleyale.

Mama wa mchicha

Kilichobadilisha kila kitu ni mama mmoja wa bustani, ana tuta zake chini ya kiwanda miaka mingi, tumuite Mama M. Siku moja napita nikamsalimia, shikamoo mama, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa, anang'oa magugu, alafu akasema hivi: "Mwanangu, nyie mnakuja saa nne asubuhi na viatu vyenu. Maji mabaya yanapita saa nane usiku. Kukicha yameshakwenda zake."

Nikamuuliza amejuaje. Akanionyesha majani. Mchicha uliomwagiliwa maji ya alfajiri ulikuwa umeungua ncha, rangi ya kahawia kama karatasi iliyopitishwa kwenye moto, na tuta la pili linalomwagiliwa saa sita mchana lilikuwa zima. Tangu mwaka juzi anajua kwamba maji ya kabla ya saa mbili asubuhi yanaunguza. Hakuna mtu wa serikali aliyewahi kumuuliza.

Nikapeleka hiyo habari kwa kiongozi wa timu, mzee mmoja wa bodi ya maji ya bonde, mtu mpole sana. Kwa wasiofahamu, nchi imegawanywa mabonde 9 ya maji, na kila bodi ya bonde ndio inatoa kibali cha kumwaga majitaka mtoni chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009. NEMC, yaani baraza la taifa la mazingira, wao wana Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Halmashauri ina sheria ndogo zake na mamlaka ya maji ina mabomba yake, kwahiyo mto mmoja una wakubwa wanne, na ukitaka kukwepa kazi huwezi kukosa wa kumnyooshea kidole. Yule mzee akasema basi, twende usiku, na tusimwambie mtu.

Kutembea mto kwa miguu

Usiku tulikaa mara tatu. Mara ya kwanza hakuna kitu. Ya pili, saa saba na nusu, likaanza kusikika kama mtu anamimina ndoo, alafu mlio ukawa mkubwa, na mvuke ukapanda juu ya maji, maana yalikuwa ya moto. Mzee akachovya kile kipimo cha pH cha mkononi, kikasoma 11 na kitu. Tukajaza chupa kila nusu saa mpaka alfajiri, kila moja ikapigwa lakiri, ikaandikwa saa na jina la aliyechukua na la shahidi, ikaingia kwenye barafu. Mwenyekiti wa mtaa tulikuwa naye, amejifunga shuka, ndio shahidi. Ile kazi ya chupa na lakiri inaonekana ya ukarani ila ndio iliyomfanya yule mwanasheria kikao kilichofuata asiulize tena lile swali lake.

Mchana tukafanya kitu kingine ambacho hakijawahi kufanyika pale, tukatembea mto wote wa mjini kwa miguu, kutoka daraja la juu mpaka la chini, siku mbili, tunahesabu kila bomba na kila mtaro unaoingia. Wengi wetu tulidhani tutakuta mabomba mawili matatu. Tuliacha kuhesabu kwenye daftari tukaanza kupiga picha.

Mabomba mengi yalikuwa membamba, ya inchi nne, yanatoka kwenye kuta za nyumba. Tukatumia rangi ya kijani ya kufuatilia maji, unaimwaga chooni kwa mtu kwa ruhusa yake, unasubiri. Nyumba moja ya wapangaji, rangi ilitokea kwenye mtaro wa mvua kabla sijamaliza kunywa maji niliyokaribishwa. Mwenye nyumba, mzee wa watu, aliona aibu mpaka akakaa chini. Akasema kijana wangu, shimo lilijaa, gari la kunyonya halipiti hii njia, ningefanya nini? Na kweli ile njia hata bajaji inapita kwa shida. Wengine walikuwa hawana hata bomba, wanasubiri mvua kubwa wanatapisha choo, jirani wa chini anapokea.

Alafu tukafika kwenye chemba.

Mfuniko wa zege ulikuwa umevunjika, kumejaa mchanga, matambara na pampasi, na majitaka yanafoka pole pole, meusi, yanateremka kwenye majani mpaka mtoni. Majani yale yalikuwa yameota marefu kupita kiasi, maana yake haikuwa ya jana. Niliambiwa na watu wa jirani kwamba wamepeleka taarifa zaidi ya mara moja.

Usiku ule nilirudi nyumbani nikafungua ile video ya Jumapili kwenye simu nikaiangalia tena, sasa hivi taratibu. Kijana alianza kurekodi juu, karibu na ule mwembe ulio pembeni ya chemba, akashuka mpaka chini ya kiwanda. Kule juu samaki waliokufa walikuwa perege watupu. Chini ya bomba la kiwanda walikuwa perege na kambale.

Wavuvi wanaolijua hili wameshaelewa. Kambale anapanda juu anavuta hewa, maji yakiishiwa oksijeni yeye anaweza kuishi, perege hawezi. Kwahiyo juu ya kiwanda, ambako maji ya kiwanda hayawezi kupanda, oksijeni ilikuwa imekwisha kwa sababu ya kinyesi kinachooza, na inakuwa mbaya zaidi kuelekea alfajiri maana usiku mimea ya majini nayo inatumia oksijeni bila kurudisha. Chini ya kiwanda kilichomuua mpaka kambale ni ukali wa maji. Vifo viwili tofauti ndani ya asubuhi moja, na ushahidi ulikuwa kwenye simu ya kila mtu mjini. Sote tulitazama rangi.

Tulichoamua, na kwanini

Ripoti ilikuwa na vita. Upande wa mamlaka inayohusika na ile chemba walitaka itajwe kama "changamoto ya miundombinu" ukurasa wa nyuma, na mkubwa mmoja alisema wazi kwamba serikali haiwezi kujipiga faini. Mzee wa bonde hakubishana. Aliweka picha mbili ukurasa wa kwanza, bomba la kiwanda na chemba, ukubwa sawa, na akapendekeza wote wapewe tarehe moja. Sababu yake aliisema taratibu: tukimbana mwenye kiwanda wakati uchafu wetu unapita juu yake, siku ya kwanza mahakamani anashinda, na atakuwa na haki. Ikapita hivyo.

Kiwanda hakikufungwa tena. Kilipewa amri ya hatua kwa hatua. Kwanza tangi kubwa la kukusanya maji ya siku nzima, ili ya kostiki, ya wanga na ya rangi yachanganyike badala ya kutoka kwa vishindo usiku. Pili kurekebisha pH kabla maji hayajatoka. Tatu shabu, ile ile mama zetu walikuwa wanatumia kutuliza maji ya kisima, inakusanya rangi inazama chini kama tope. Hatua ya mwisho ya kuozesha kwa wadudu iliachwa baadae kwasababu ya gharama. Tulichagua hivi kwasababu kiwanda kile kililisha nyumba nyingi sana za mtaa uleule unaolalamika, na kwasababu ukifunga mara mbili ukafungua mara mbili, ya tatu hakuna anayekuogopa.

Kwenye magari ya kunyonya majitaka, ambayo mengine yalikuwa yanamwaga mtoni usiku, tuligundua jambo dogo. Mabwawa ya mji ya kutibia majitaka yalikuwa yanafunga geti saa kumi jioni, na wateja wengi wanawaita wenye magari jioni wakirudi makazini. Dereva ana tenki limejaa, geti limefungwa, kesho asubuhi ana kazi nyingine, anakwenda kumwaga wapi? Geti likasogezwa mpaka saa mbili usiku.

Nyumba za ile njia nyembamba ziliunganishwa na bomba jembamba linalopita uchochoroni mpaka bomba kuu, gharama inakatwa kidogo kidogo kwenye bili ya maji. Lakini hii iliwezekana baada ya chemba kuzibuliwa tu, vinginevyo tungekuwa tunahamisha kinyesi kutoka mtaroni kwenda kwenye chemba inayofoka.

Na kuna uamuzi ambao mpaka leo unaniuma. Kuna kifungu cha 57 cha ile sheria ya 2004 kinachokataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mto, ndani ya mita 60 za mto. Kikachukuliwa kikapigwa kwa wakulima wa mchicha. Mgambo wakaja asubuhi wakang'oa matuta, na tuta la Mama M likiwemo, yule yule aliyetupa habari iliyofungua kesi nzima. Hoja ilikuwa kwamba mboga zina madini mazito, na hofu hiyo si ya uongo, watafiti wameshakuta madini ya risasi kwenye mboga za bonde la Msimbazi. Ila kiwanda chenye ukuta wake hapo hapo mtoni kilipewa miezi, na yeye hakupewa hata siku ya kuvuna.

Matokeo

Rangi iliisha karibu yote ndani ya mwaka. Vipimo vya pH vya usiku vikarudi ndani ya kiwango kwa sehemu kubwa. BOD ilishuka lakini haikufika 30, na haitafika kama hawajajenga ile hatua ya mwisho. Chemba ilizibuliwa ndani ya wiki moja baada ya ripoti kusainiwa, wiki moja tu, kitu kilichokaa muda wote huo. Magari kumwaga usiku yalipungua sana. Perege walionekana tena juu ya kiwanda kabla ya chini.

Wakulima walirudi baada ya mwezi kama na nusu, wote.

Na tope la shabu, ambalo lina ile rangi yote iliyokuwa inakwenda mtoni, lilikuwa linajazwa kwenye viroba na kupangwa nyuma ya ukuta. Mvua za masika zilivyokuja viroba vikapasuka na siku mbili mto ukawa mwekundu tena. Kwenye amri yetu nzima, kurasa kumi na kitu, hatukuandika sentensi moja kuhusu tope liende wapi. Hilo ni kosa letu, na mimi nilikuwa mwandishi.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni muda. Uchafu ulikuwa na ratiba yake na serikali ilikuwa na ratiba ya ofisi, na hazikuwahi kukutana mpaka tulipokaa usiku. Tulitumia vitu vya bei ndogo tu, kipimo cha pH cha mkononi, mafuta kidogo ya gari na barafu ya buku mbili, na matokeo yake yakasimama kuliko amri ya kwanza iliyotangazwa kwenye taarifa ya habari.

Cha pili ni kutembea. Ukisimama kwenye bomba moja unaona mkosaji mmoja. Ukitembea mto wote unaona kwamba sehemu kubwa ya harufu inatoka kwa watu wasio na pa kupeleka, na hao huwezi kuwafunga, unaweza kuwapelekea bomba tu. Hapa ndipo pesa kubwa inapotakiwa, na miji yetu inaitumia zaidi kwenye mafuriko. Hata Msimbazi, ule mradi wa bonde ambao Benki ya Dunia ilipitisha dola milioni 200 mwaka 2022 ulisukumwa hasa na mafuriko, na sikatai, Desemba 2011 watu walikufa Dar. Lakini kwenye mji wetu hakukuwa na mafuriko ya kutisha mtu, kulikuwa na harufu tu, na harufu haiombewi mkopo.

Amri ya kwanza ya kufunga ilishindwa kwasababu ilitangulia ushahidi, sio kwasababu ilikuwa kali. Kama sampo zingechukuliwa Jumapili ile ile mchana, juu na chini ya bomba, hata kwa chupa za maji ya kunywa zilizooshwa vizuri na kuwekwa kwenye barafu ya muuza samaki, kesi ingekuwa nyingine kabisa.

Jambo lingine ni kuaminiwa. Machi 2022 maji ya mto Mara yalibadilika rangi na samaki wakafa, kamati ya serikali ikasema chanzo ni kinyesi na mikojo ya ng'ombe pamoja na majani yaliyooza, na watu wengi sana hawakuamini kabisa. Sisi tulikuwa na jibu gumu vilevile, tuwaambie watu kwamba samaki wa juu hawakuuliwa na kiwanda. Mzee wa bonde aliitisha mkutano mtoni, akacheza ile video kwenye simu mbele ya wavuvi, akawauliza wao, kwanini huku hakuna kambale? Wakajibu wenyewe. Baada ya hapo hakuna aliyesema tumenunuliwa.

Kuhusu wakulima sina utetezi. Mita 60 zilipimwa kwa aliyekuwa rahisi kumpima. Kama tungemuuliza Mama M angekubali kuhama kwenye mchicha kwenda kwenye maua au miche ya miti, mimea isiyoliwa, aliniambia hivyo baadae. Hatukumuuliza, na tukapoteza imani ya mtu pekee aliyekuwa anautazama mto kila siku saa kumi na moja alfajiri.

Nilikwenda kumuomba radhi. Alinisikiliza, akanipa fungu la matembele, akasema haya yashapita. Nikamwachia boksi la vile vikaratasi vya pH, unachovya vinabadilika rangi, kijani ni maji ya kawaida, bluu ni makali ya kostiki, na daftari la kurasa arobaini na nane. Mwezi uliopita nilipita kulisoma. Anaandika tarehe, saa na rangi, kwa mwandiko mkubwa. Kurasa nyingi ni kijani, kijani, kijani. Wiki ile kulikuwa na "bluu" mbili, zote saa tisa usiku. Nikapiga picha ukurasa, nikampigia mzee wa bonde nikiwa bado nimesimama pale kwenye tuta, akaniuliza deli la barafu liko wapi.